Maisha ya Origen wa Iskanderia na Maneno ya Mafumbo katika Biblia

Miongoni mwa wanavyuoni waliotokea katika Kanisa la zamani, ni vigumu kumtaja aliyeifanyia Biblia kazi kubwa kuliko Origen wa Iskanderia, na ni vigumu vile vile kumtaja aliyelipwa vibaya kuliko yeye. Wengi wanaokuja kutuuliza habari za Biblia huanza na swali moja: je, maneno yake yashikwe kama yalivyoandikwa, au mengine ni mafumbo? Swali hilo si la leo wala la jana. Mtu huyu alilijibu kwanza kwa mwili wake, kisha akalijibu kwa kalamu, na majibu hayo mawili hayakufanana. Ndiyo maana nimeona heri kumsimulia msomaji maisha yake.

Alizaliwa katika mji wa Iskanderia, nchi ya Misri, yapata mwaka 185. Mji huo ulikuwa bandari kubwa na makao ya elimu ya Kiyunani. Ndimo alimoishi zamani Philo, mwanachuoni wa Kiyahudi, ambaye zaidi ya miaka mia moja kabla ya Origen kuzaliwa alikuwa amezifasiri habari za Taurati kwa njia ya mafumbo. Baba yake Origen, jina lake Leonides, alikuwa Mkristo. Alimfundisha mwanawe elimu za Wayunani, lakini kila siku kabla ya masomo hayo alimtaka ahifadhi sehemu ya Maandiko. Mtoto hakuridhika na kuhifadhi tu. Aliuliza maana iliyo chini ya maneno. Baba alimkemea asitafute yaliyozidi umri wake, ilhali moyoni alimshukuru Mungu, na husimuliwa kwamba usiku, mtoto alipolala, alimfunua kifua na kukibusu.

Mnamo mwaka 202, zama za Kaisari Septimius Severus, mateso yaliwashukia Wakristo wa Misri, na Leonides akatiwa gerezani. Origen alikuwa hajatimiza miaka kumi na saba. Alimwandikia baba yake barua kumsihi asigeuze nia kwa sababu ya mke na watoto, na yeye mwenyewe akataka kwenda kujitoa auawe. Mama yake alimbembeleza asiende, naye hakusikia. Basi mama akaficha nguo zake zote. Kijana asiyeogopa upanga aliona haya kutoka uchi, na hivyo uhai wake ukaokolewa. Leonides alikatwa kichwa, mali yake ikachukuliwa na serikali, na mjane akabaki na watoto saba wa kiume, Origen akiwa mkubwa wao.

Alianza kufundisha ili apate riziki, na alipokuwa na miaka kumi na minane Demetrius, Askofu wa Iskanderia, alimkabidhi shule ya wale waliotaka kuingia katika dini. Kufundisha Ukristo siku zile kulikuwa ni kujiweka kwenye shabaha. Baadhi ya wanafunzi wake waliuawa, naye aliwasindikiza mpaka mahali pa kufia bila ya kujificha. Kisha aliuza vitabu vyake vyote vya elimu ya dunia, akakubali kwamba mnunuzi amlipe oboli nne tu kila siku ziwe riziki yake.

Hapa ndipo tunapoanza kuona jinsi alivyokuwa akisoma Biblia katika ujana wake. Nabii Isa a.s. aliwaagiza wanafunzi wake wasichukue kanzu mbili wala viatu (Mathayo 10:10). Origen akawa na vazi moja, na kwa miaka mingi akatembea miguu mitupu. Injili inafundisha watu wasisumbukie ya kesho (Mathayo 6:34). Naye hakuweka akiba ya kitu. Alilala chini pasipo kitanda, akafunga mpaka akakaribia kuharibu kifua chake. Kila agizo alilichukua kwa herufi, na watu wakamsifu.

Lakini katika Mathayo 19:12 mna maneno mengine. Imesimuliwa hapo kwamba wako matowashi waliozaliwa hivyo, wako waliofanywa hivyo na watu, na wako waliojifanya wenyewe kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa aliyeandika katika karne ya nne na ambaye alimpenda sana Origen, anaeleza kwamba kijana huyo aliyachukua maneno haya pia kama yalivyoandikwa. Alikuwa akiwafundisha wanaume na wanawake, naye alitaka kuziba vinywa vya wasingiziaji. Basi alijihasi kwa siri. Siri haikukaa. Askofu Demetrius alipopata habari alistaajabu, akamtia moyo aendelee na kazi. Miaka mingi baadaye, wivu ulipomwingia, aliitoa habari ile ile na kuitangaza kama aibu.

Wako wataalamu wa zama zetu wanaodhani kwamba kisa hiki kilizushwa na maadui zake. Hawana budi kusikilizwa. Lakini naona vigumu kuamini kwamba mwandishi aliyemtetea Origen kwa nguvu zote angebeba habari ya kumwaibisha kama hakuwa na hakika nayo. Hata hivyo, iwe kisa ni cha kweli au sicho, fundisho alilolitoa baadaye juu ya aya hiyo limo katika vitabu vyake mwenyewe, nasi tutalifikia.

Akaendelea kusoma. Alijifunza Kiebrania, jambo lililokuwa nadra kwa Mkristo wa zama zile. Tajiri mmoja, Ambrose, ambaye Origen alimtoa katika mafundisho ya Valentinus, alimpa waandishi wa hati mkato zaidi ya saba waliopokezana zamu akisema, na wanakili wengine wasiopungua hao, pamoja na wasichana wenye mwandiko mzuri. Kutoka katika karakana hii ya maneno vilitoka vitabu vingi mno. Kimoja kiliitwa Juu ya Misingi ya Kwanza, nacho kiliandikwa Iskanderia kabla ya mwaka 231. Katika sehemu yake ya nne alieleza namna Maandiko yapasavyo kusomwa, na mimi nadhani hapana mtafutaji wa dini asiyefaidika na maelezo yale, hata kama hakubaliani nayo yote.

Alianza na madhara. Alisema kwamba makosa makubwa ya dini katika siku zake yalitoka kwenye shina moja, nalo ni kushika herufi mahali isipofaa. Wayahudi walisoma katika Isaya 11 kwamba siku za Masihi mbwamwitu atakaa na mwana-kondoo na simba atakula majani kama ng'ombe. Wakatazama, hawakuona simba anayekula majani, wakamkataa Nabii Isa a.s. Wafuasi wa Marcion na wenziwe walisoma kwamba Mungu hukasirika, hujuta, na huwasha moto wa ghadhabu. Wakasema huyu hawezi kuwa Mungu mwema, wakazua kuwa yuko Mungu mwingine aliye juu yake. Na Wakristo wa kawaida, ingawa hawakumwacha Muumba, walimdhania mambo ambayo hawangemdhania mtu mkatili kuliko wote. Makundi matatu, imani tatu zilizo mbalimbali, kosa moja. Sijaona mahali pengine palipoelezwa jambo hili kwa ufupi na kwa haki kama pale.

Kisha alionyesha dalili. Alifundisha kwamba Mungu ameweka ndani ya Maandiko vikwazo vya makusudi, yaani mambo yasiyowezekana au yasiyomstahili Mungu, ili msomaji ajikwae, asimame, atafute maana iliyo ndani. Ni mtu gani mwenye akili, aliuliza, atakayeamini kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi, na hali jua, mwezi na nyota viliumbwa siku ya nne? Nani atadhani kwamba Mungu alipanda bustani kwa mikono kama mkulima, au kwamba alitembea humo jioni na Adamu akajificha asionekane nyuma ya mti? Wala hakuiacha Injili. Ibilisi, yasemwa katika Mathayo 4:8, alimpandisha Nabii Isa a.s. juu ya mlima mrefu akamwonyesha falme zote za dunia. Ni mlima upi huo, ambao mtu akisimama juu yake huiona kwa macho Uajemi na Bara Hindi pamoja? Na agizo la shavu (Mathayo 5:39) alilipima kwa mkono: mtu apigaye kwa mkono wa kuume humpata mwenziwe shavu la kushoto, nayo Injili inataja la kuume. Hoja hii ya mwisho, nakiri, hunichekesha kila niisomapo na wanafunzi. Lakini inaonyesha jinsi alivyosoma kila neno kwa uangalifu.

Wako waliomwambia kwamba anaingiza falsafa ya Wayunani katika dini. Aliwajibu kwa Paulo: si yeye Paulo aliyesema kwamba habari za Hajiri na Sara ni mfano wa maagano mawili (Wagalatia 4:24)? Si yeye aliyeitoa sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka katika mambo ya ng'ombe na kuipeleka kwa wahubiri (1 Wakorintho 9:9)? Kwa hiyo desturi hii imo ndani ya Biblia yenyewe, wala haikuletwa kutoka nje.

Msomaji asidhani, basi, kwamba Origen aliidharau maana ya dhahiri. Alisema wazi kwamba mambo yaliyotokea kweli katika Maandiko ni mengi zaidi kuliko yale yaliyo mafumbo matupu: kwamba Ibrahimu a.s. alizikwa Hebroni, kwamba Yerusalemu ulikuwa mji mkuu wa Uyahudi, na kwamba amri ya kuwaheshimu baba na mama haihitaji kufumbuliwa. Tena alizifuata habari kwa miguu yake. Katika Yohana 1:28 nakala nyingi zilisoma kwamba Yohana alibatiza Bethania ng'ambo ya Yordani. Origen alifika Palestina, akaona kwamba Bethania ni kijiji kilicho karibu na Yerusalemu, mbali na mto, akashauri pasomwe Bethabara. Mtu asiyejali herufi hachoshi miguu kwa ajili ya jina la kijiji. Na kitabu chake kiitwacho Hexapla kilikuwa kazi ya herufi tupu: Agano la Kale lote katika safu sita zilizokaa ubavu kwa ubavu, Kiebrania, Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kiyunani, na tafsiri nne za Kiyunani, ili kila tofauti ionekane.

Mnamo mwaka 231 maaskofu wa Palestina walimpa daraja la ukasisi bila ya idhini ya Demetrius. Askofu wake alikasirika, akamfukuza, na Origen akahamia Kaisaria, mji wa pwani ya Palestina, alikokaa karibu muda wote uliobaki wa maisha yake. Huko alihubiri karibu kila siku, akajadiliana na walimu wa Kiyahudi, na alipopita miaka sitini ndipo kwanza aliporuhusu hotuba zake ziandikwe na waandishi wa hati mkato.

Katika uzee huo aliifasiri Injili ya Mathayo, na mambo mawili katika tafsiri hiyo yanamgusa sana mtu anayetafuta jibu la swali letu.

La kwanza ni ile aya ya matowashi. Alipoifikia alionya kwa ukali. Alisema ni kosa kuchukua aina ya tatu kwa mwili. Akaeleza madhara yanayomfika mtu anayefanya hivyo na aibu anayojiletea. Akavilaumu vitabu vilivyowapotosha vijana wenye bidii. Akakumbusha kwamba herufi huua. Tena akasema kwamba ulikuwako wakati ambapo yeye naye alimwelewa Kristo kwa mwili na kwa herufi, na sasa hamjui tena hivyo. Hakusema zaidi ya hapo.

La pili ni habari ya Eliya a.s. Katika 2 Wafalme 2:11 imeandikwa kwamba alipanda mbinguni katika upepo wa kisulisuli, na katika Malaki 4:5 kwamba atatumwa kabla ya siku ya Bwana. Wayahudi walimngojea yeye mwenyewe ashuke. Nabii Isa a.s. aliwaambia kwamba Eliya amekwisha kuja, wanafunzi wakafahamu kuwa amemtaja Yohana (Mathayo 17:10-13). Naye Yohana alipoulizwa alikataa kuwa yeye ni Eliya (Yohana 1:21). Ni nani aliyesema kweli? Origen alijibu kwamba wote wawili. Nafsi ya Eliya haikuhamia katika mwili mwingine, kwani mafundisho ya nafsi kuhama si ya Kanisa. Yohana alikuja kwa roho na nguvu za Eliya, kama malaika alivyomwambia Zakaria (Luka 1:17), na kwa hiyo akaitwa kwa jina lake. Mtu mmoja aliahidiwa, mwingine akaja, na ahadi ikatimia. Wasomaji wetu wa siku nyingi wanaifahamu hoja hii. Pengine hawakujua kwamba iliandikwa na Mkristo katika karne ya tatu.

Haki yanitaka niseme pia alipovuka mpaka. Akiifasiri habari ya Msamaria mwema (Luka 10), alipokea kutoka kwa mzee mmoja kwamba mtu aliyeshuka ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni dunia, kuhani ni Sheria, Mlawi ni Manabii, Msamaria ni Kristo, na nyumba ya wageni ni Kanisa. Hata dinari mbili zikapewa maana. Basi yako wapi mafunzo ya kumhurumia jirani aliyelala njiani, ambayo kwa ajili yake mfano ulitolewa? Fumbo likifumbuliwa mpaka ile divai na yale mafuta yote yawe kitu kingine, msomaji huondoka na njaa. Walimu wa Antiokia, kama Diodore na Theodore, walimlaumu kwa hili, na sidhani kwamba walimwonea. Ajabu ni kwamba Eustathius wa Antiokia alimshambulia kwa kosa la kinyume: katika habari ya mwanamke mchawi wa Endori (1 Samweli 28), Origen alishika kwamba Samweli mwenyewe alipanda, kama ilivyoandikwa.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu. Origen alikamatwa akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Alitiwa kongwa la chuma shingoni, miguu yake ikanyoshwa katika mkatale mpaka tundu la nne, akatishwa kwa moto. Hakuikana imani yake. Watesi walijihadhari asife, maana walitaka akane, si afe. Decius alipofariki, mzee aliachiliwa, mwili umekwisha kuvunjika, akafa baada ya muda mfupi, yapata mwaka 253. Yasemekana alizikwa Tiro.

Ugomvi juu ya jina lake ulikuwa bado. Mwaka 399 Theophilus, Askofu wa Iskanderia, alitoa waraka kwa makanisa na nyumba za watawa za Misri akifundisha kwamba Mungu hana mwili wala viungo. Watawa wengi wa jangwani walikuwa wakiyachukua maneno ya Mwanzo 1:26 kama yalivyo: kama mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi Mungu ana uso na mikono. Mmoja wao aliitwa Serapion, mzee mcha Mungu aliyeishi miaka mingi katika ibada kali. Walimweleza kwa upole mpaka akaridhika. Lakini waliposimama kusali pamoja, mzee alianguka chini akalia, akilalamika kwamba wamemwondolea Mungu wake na sasa hajui amwabudu nani. Sisi tunaofundisha tungefaa kukisoma kisa hiki kabla ya kuingia darasani. Wale walimu walikuwa na haki katika hoja yao, lakini walimvunjia mzee nyumba kabla ya kumjengea nyingine.

Watawa wengine hawakulia. Walishika fimbo wakaenda Iskanderia kutaka kumwua Askofu. Theophilus alitoka akawaambia kwamba kuwaona wao ni kama kuuona uso wa Mungu. Walipoa, wakamtaka avilaani vitabu vya Origen, naye akakubali. Mwaka 400 vitabu hivyo vililaaniwa na mkutano wa maaskofu, kwa agizo la mtu yule yule ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa amefundisha yaliyomo. Katika mwaka 543 Kaisari Justinian alitoa amri dhidi ya Origen, na katika mwaka 553 jina lake lilitajwa miongoni mwa wazushi katika Mtaguso wa Konstantinopoli, miaka mia tatu baada ya kufa kwake. Mafundisho yake juu ya nafsi na juu ya mwisho wa adhabu yalikuwa na sehemu kubwa katika laana hiyo, si tafsiri za mafumbo peke yake.

Vitabu vyake vingi vikapotea. Hexapla imebaki vipande vipande. Kitabu Juu ya Misingi ya Kwanza tunacho kizima kwa Kilatini tu, katika tafsiri ya Rufinus, ingawa sehemu iliyo kubwa ya maelezo yake juu ya kusoma Maandiko imehifadhiwa kwa Kiyunani. Mwaka 1941, katika machimbo ya mawe ya Tura karibu na Kairo, zilionekana karatasi za mafunjo zenye maneno yake ambayo hayakuwa yamesomwa kwa karne nyingi. Na mwaka 2012, katika maktaba ya mji wa Munich, Ujerumani, mtaalamu aliyekuwa akiandaa orodha ya hati za kale alifungua kitabu cha Kiyunani kilichokaa hapo bila ya jina la mwandishi wake wa kweli. Mlikuwa na hotuba 29 juu ya Zaburi. Nne kati yake zilifanana na zile alizozitafsiri Rufinus, na kwa hizo akatambulikana mwenyewe.